Adhuhuri Chini ya Mabati

Mabati niliyataka mimi. Naanzia hapo kwa sababu mambo yalipoharibika watu wa mtaa walimlaumu mume wangu, naye akaibeba lawama yote bila kusema neno. Lakini tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa nikimlalamikia makuti: vumbi lake linaloangukia chakula, panya wanaotambaa humo kutwa, na kazi ya kung'oa yaliyooza na kufunga mapya kila baada ya miaka michache. Kwetu Mambrui baba yangu alikuwa ameshaezeka mabati, na nilipoletwa Malindi kwa mume, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliona haya kidogo kuingia nyumba ya makuti.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya mji wa kale, kuta zake za mawe ya matumbawe, nene hata mtu angeweza kukaa ndani ya dirisha akakunja miguu. Ukipita mlango wa mbele unaingia kwanza dakani, yaani kile chumba kidogo cha kupokelea wageni, ambacho juu yake kilisakafiwa kwa boriti, mawe na chokaa. Kisha unafika ukumbini, kisha vyumba viwili, kisha uani. Huko uani palikuwa na mwarobaini mkubwa uliofunika jiko, kisima na nusu ya paa. Tulikuwa watu watatu: mimi, mume wangu, na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, mjane aliyepooza upande wa kushoto kabla mimi sijafika. Kutembea hakuweza, lakini akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake mkali.

Moto ulitokea msimu wa kaskazi, ule upepo wa miezi ya joto, mchana, nyumba ya nne kutoka kwetu. Ulianzia jikoni, ukapanda kwenye makuti, na kabla watu hawajafika na ndoo zao nyumba tano zilikuwa zimeshika. Mume wangu alikuwa seremala katika hoteli moja ya ufuoni, na siku hiyo ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Aliingia nyumba ya pili akamtoa mwanamke mmoja ambaye bega lake lilikuwa limeungua vibaya. Alirudi nyumbani nyusi zake hazipo. Tangu hapo nilimwona mara kwa mara anaacha kula, ameinua uso, anayatazama makuti yetu kana kwamba kuna mnyama amelala juu pale. Sikuhitaji kumwambia tena habari ya mabati. Mtaa mzima uliingiwa na hofu ile ile, na katika mwaka mmoja nyumba baada ya nyumba ikavuliwa makuti.

Aliyekataa alikuwa mavyaa peke yake.

"Mabati ni ya ghala," alimwambia mwanawe. "Mimi si gunia la mahindi."

Mume wangu alimbusu mkono akamwambia, "Mama, nikikupoteza kwa moto nitamwambia nini Mungu?"

Hapo akaacha kukataa. Nadhani hakutaka kumshinda mwanawe kwa maneno ilhali nyusi zake hazijaota bado.

Fundi wa kuezeka alikuja akatazama paa letu lililosimama wima, akasema mabati hayataki mwinuko mkubwa namna ile, atalishusha. Pia akaziba kwa saruji ule uwazi uliokuwa kati ya ukuta na paa, ambao siku zote upepo ulipitia, ili popo wasiingie. Tukamshukuru. Halafu akaonyesha mwarobaini: matawi yatakwaruza bati, majani yataziba mifereji ya maji. Ukakatwa siku ya tatu. Mavyaa aliniomba nimbebe hadi uani akaone. Nilimweka juu ya kigoda akalitazama gogo lile bichi, akatazama lile jua lililomwagika mahali ambapo hatukuwahi kuliona.

"Adhuhuri mtaniweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia chumba chake sasa kina paa zuri, hata tone la mvua halitamfikia. Ndivyo nilivyomjibu, na nilimjibu kwa fahari.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Mvua za mwaka zilinyesha, mifereji ikajaza tangi letu la maji, wageni wakasifu. Kusi, upepo wa miezi ya baridi, ilipovuma nyumba ilikuwa na ubaridi wa kawaida, na mimi nikaamini mavyaa alikuwa mtu anayechukia kila kipya. Kisha mwezi wa Desemba ukaja, kusi ikafa, kaskazi ikaingia, na kila siku ikazidi joto kidogo kuliko ya jana yake.

Kwanza ilikuwa sauti. Kuanzia saa nne asubuhi mabati yalianza kulia yakitanuka, mlio mmoja mmoja, kama mtu anayevunja vidole vyake juu yetu. Ifikapo saa saba yalinyamaza, na ule ukimya ulinitisha zaidi, kwa sababu hapo ndipo joto lilipotua chini. Kuta zile nene, ambazo zamani zilitukinga, sasa ziliota jua mchana kutwa na kulirudisha ndani hata baada ya isha. Mishumaa niliyoiweka juu ya kabati ilijikunja yenyewe. Kuku wangu watatu walikutwa wamekufa bandani, midomo wazi. Paka wa jirani, aliyekuwa akilala ukumbini kwetu kila mchana, aliacha kuja.

Na haikuwa nyumba yetu pekee. Mtaa mzima ulikuwa bati tupu, na karibu kila ua ulikuwa umekata mti wake kwa sababu ile ile. Ukisimama barabarani saa nane mchana joto lilikuja kutoka juu, kutoka kuta za pande zote mbili na kutoka chini ya miguu. Watu walianza kufunga madirisha, wakidhani wanalizuia, kumbe wanalifungia ndani.

Mwezi wa Februari mzee mmoja wa mtaani, fundi viatu aliyestaafu, alijilaza baada ya sala ya adhuhuri. Alasiri wakamkuta amekwisha. Watu wakasema ni umri. Baada ya wiki mbili alifariki mtoto wa siku tisa, nyumba ya tatu kutoka pale, naye pia mchana. Watu wakasema ni kudra. Mimi nilihudhuria misiba yote miwili, na kotekote niliinua macho nikaliona bati jipya linalong'aa, jasho likinitiririka chini ya buibui. Niliogopa kulisema, maana kwetu nako juu kulikuwa na bati kama lile.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mpangaji, mwanamke Mkristo kutoka bara, nesi katika hospitali. Alikuwa na desturi ya kuja kumsalimu mavyaa akitoka kazini, akimpa shikamoo yake kwa lafudhi ya kwao. Jioni moja alimshika mavyaa mkono, akaivuta ngozi ya kiganja kwa nyuma na kuiachia, akaitazama jinsi inavyochelewa kurudi. Alipotoka akanishika bega mlangoni. Akaniambia mama huyu amekauka, hanywi maji ya kutosha. Nikamweleza kwamba mavyaa hataki kunywa, kwa kuwa kila akinywa lazima nimbebe hadi msalani, na yeye huona anatusumbua.

"Basi msumbue wewe," nesi akasema. "Na nisikilize. Maadamu anatoka jasho, bado mna nafasi. Siku jasho likikatika na aanze kusema maneno yasiyoeleweka, usingoje mtu. Mtoe humo."

Nilijaribu nililoweza. Nililowesha leso na kuzitundika madirishani ili kila upepo ukipita upite kwenye maji. Nilimwaga maji sakafuni asubuhi na mchana. Nilimpepea kwa pepeo la ukindu hadi mkono ukanifa ganzi. Mume wangu alileta feni kuukuu aliyopewa hotelini, tukaifurahia siku mbili. Kisha nikaweka uso wangu mbele yake saa saba mchana na kuona inatupulizia hewa ya tanuri. Nesi akasema katika joto la namna hiyo feni inazidi tu kumkausha mavyaa.

Palikuwa na mahali pamoja tu penye nafuu, nami nilipajua: dakani. Lile daka lilikuwa na dari yake ya zamani ya boriti na chokaa, bati halikuligusa, na mlango wake uliangalia kichochoro chembamba ambacho jua lilikifikia saa moja tu kwa siku. Ukiweka kiganja ukutani mle unakuta ubaridi. Nilimwomba mavyaa nimhamishie kitanda huko.

Alikataa katakata. Akaniuliza kama nataka alale mlangoni kama mzigo, wanaume wapite wamwone amelala mdomo wazi, anavuliwa na kuvalishwa. Akasema stara yake ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho. Nikamwambia nitaweka pazia. Akasema pazia hupeperuka. Mimi nilikuwa mkwe, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na nililelewa kutobishana na mtu wa rika lake. Nilimwomba mume wangu amshawishi, lakini yeye alitoka asubuhi na kurudi magharibi, wakati ambapo mavyaa alikuwa ameogeshwa, amekaa uani, amepata nafuu. Alimwona anazungumza, akanijibu kwamba joto ni la msimu, litapita.

Litapita, nami nikalishika neno hilo. Lakini mwezi wa Machi ulifika, wakati wa tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijaja, na siku hizo hata leso niliyotundika dirishani haikutikisika. Ilining'inia tu. Siku ya pili ya ukimya ule niliamka nikiwa na woga ambao sikuujua umetoka wapi. Mavyaa hakutaka uji. Saa nne mabati yakaanza kulia, na siku hiyo yalinyamaza mapema.

Baada ya adhana ya adhuhuri niliingia na kata ya maji nikamkuta amefumbua macho, anatazama juu. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa kavu, na moto kama sufuria. Nikagusa shingo, nikagusa kifua. Kukavu kote. Akanitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

"Funga mlango," akaniambia kwa sauti ya chini. "Moto unakuja."

Sikungoja mtu. Nilitandika mkeka chini, nikamshusha kitandani nikiwa nimemkumbatia, tukaanguka pamoja, nikaushika mkeka pembe mbili nikaanza kumvuta. Kutoka chumbani kwake hadi dakani hapakuwa mbali, lakini nilipumzika mara tatu, na kila nikipumzika nilisikiliza kama bado anapumua. Pale ukumbini mkono wake mzima ulishika mguu wa meza na hakutaka kuuachia. Aliamini namvuta kuelekea motoni. Ilinibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja, mwanamke aliyenikataza nisimwonyeshe watu, na mimi namburuta kwenda mlangoni.

Nilimlaza dakani juu ya sakafu ya chokaa, nikamfunika leso moja, nikammwagia mtungi mzima. Kisha nikafungua mlango wa mbele, kichwa changu wazi, nikawaita wanaume waliokuwa wameketi kwenye baraza ya nyumba ya pili. Walikuja wawili. Walimwona alivyokuwa. Mmoja akageuza uso, akavua shati lake akanipa bila kunitazama, nimzidishie stara. Mwingine akakimbia kutafuta mkokoteni.

Hospitalini alitupokea nesi yule yule jirani yetu. Walimfunga mashuka yaliyoloweshwa, wakamtia maji ya mshipa, wakafungua madirisha ya pande zote. Nilikaa kwenye benchi hadi mume wangu alipofika anahema, mavumbi ya mbao yamemjaa nyweleni. Nesi alitoka akatuambia anapumua vizuri kidogo. Kisha akaniambia mimi, mume wangu akisikia, "Ungengoja alasiri, ungekuwa unamtafutia sanda."

Mavyaa alilazwa siku sita. Alirudi hai, lakini maneno yake mengi hayakurudi naye. Alibaki na salamu, na majina, na kulia bila sababu. Tulimweka dakani, nyuma ya pazia zito tulilolishonea mbao chini lisipeperuke, wala hakukataa. Sijui kama alikubali au kama hakujua tena alipo. Hilo nimelibeba tangu wakati ule: kwamba ningekuwa na ujasiri wa kumkosea adabu wiki moja mapema, huenda angebaki na ulimi wake.

Siku ya mapumziko iliyofuata, mume wangu aliswali adhuhuri akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda kile kitupu. Nilisimama ukumbini nikisubiri. Alikaa muda wa kupika wali ukaiva. Alipotoka shati limemganda mwilini, akashika ukuta kwanza ndipo akatembea. Alikwenda dakani akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake.

"Hotelini kazi yangu ni kutengeneza makuti," akasema. "Wageni wanalala chini ya makuti, wanasema hapa ni baridi. Mimi najua sababu. Nilijua tangu mwanzo."

Alitaka kuyang'oa mabati kesho yake na kurudisha makuti. Habari zikaenea, na jioni wakaja wazee watatu wa mtaa, mmoja wao ni mume wa yule mwanamke aliyeungua bega. Hawakugomba. Walimwambia tu kwamba akirudisha makuti atawarudishia moto katikati ya nyumba zao, na wakamwomba kwa jina la ujirani asifanye hivyo. Yule ambaye mkewe aliungua aliinamisha kichwa muda wote, na nadhani ndiye aliyemshinda mume wangu.

Basi tukafanya kwa njia nyingine. Alipanda juu akayapaka mabati chokaa nyeupe tabaka mbili, akivaa kofia pana na kushuka kila mara kunywa maji. Alivunja ile saruji ya fundi na kufungua tena uwazi chini ya paa, akaweka wavu kwa ajili ya popo. Alipasua tundu kwenye ukuta wa kaskazi na jingine mkabala wake upande wa kusi, ili hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Chini ya bati akatundika dari ya mbao nyembamba, akiacha nafasi ya mkono kati yake na bati. Uani tukapanda mche wa mwarobaini, nao tukaufunika kwa gunia kila mchana usiungue. Kaskazi iliyofuata nyumba haikuwa kama zamani, lakini mtu aliweza kukaa ndani. Watu wakaja kutazama. Wengine walicheka paa jeupe, wakasema limepakwa samli.

Mavyaa alifariki baada ya miaka miwili, msimu wa baridi, usingizini. Tulimlilia kama anavyoliliwa mtu aliyefika mwisho wake mwenyewe.

Nilibaki na tabia moja. Miezi ya kaskazi, baada ya adhuhuri, nilijitanda buibui nikapita kwenye nyumba za mtaa zenye watu wasioweza kutoka wenyewe. Nilibisha hodi, nikaingia, nikagusa paji la uso, nikawanywesha maji, nikasogeza kitanda penye kivuli. Nesi aliyekuwa jirani alikuja nami siku ambazo hakuwa zamuni. Wengine walitukaribisha. Wengine waliona tunawatabiria mabaya, na mama mmoja alimwambia mume wangu kwamba mkewe anazungukazunguka majumbani kama anayeitafuta maiti.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini palikuwa na bibi mmoja mshonaji kofia, akiishi peke yake katika chumba cha uani, bati moja kwa moja juu ya kichwa chake na dirisha dogo kama kitabu. Watoto wake walikuwa Mombasa. Machi, siku zile za ukimya, nilikwenda kwake na sikupata jibu. Nilibisha tena. Nilisikia bati juu likiwa limenyamaza. Nesi alikuwa nami siku hiyo, akasukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka. Bibi alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kofia iliyoshonwa nusu mapajani, sindano imesimama kwenye kitambaa. Nesi alimgusa, akaniangalia, akatikisa kichwa. Chumba kile kilikuwa moto hata sikuweza kubaki ndani nikimfumba macho. Ilinibidi nitoke, nivute pumzi, nirudi.

Matangani wanawake walijaa. Wakaanza kusema kama kawaida: umri, uchovu, siku zake zimefika. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao nikapasua ule mlango wa mdomo niliokuwa nimeufunga tangu msiba wa fundi viatu.

"Si umri," nikasema. "Ni bati. Na yule mzee ilikuwa bati, na yule mtoto, na mavyaa wangu alikuwa afe hivyo hivyo. Tusipoyafanya kitu mapaa yetu tutazikana kila Machi."

Bintiye marehemu, aliyefika asubuhi ile kutoka Mombasa, alinitazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau, maana ni yeye aliyekuwa amelipia kuezekwa kwa chumba kile, zawadi kwa mama yake. Aliinuka akatoka. Wanawake wawili wakamfuata, na mmoja alisema kwa nguvu nisikie kwamba wapo watu wasio na haya hata mbele ya wafiwa. Nilijua nimemtonesha mtoto wa mtu kidonda ambacho mimi mwenyewe ninacho. Baadaye, watu wakitawanyika, mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alinisogelea, akaniuliza polepole mume wangu aliichanganyaje ile chokaa.

Mwaka uliofuata nyumba nne zilipakwa nyeupe. Zilizobaki ziling'aa kama zilivyokuwa, na baraza la mji likaja likakata miarobaini mitatu ya mwisho iliyokuwa barabarani, ili kupanua njia. Desemba niliisikia kusi ikikata. Nikatoa mitungi yote uani, nikaijaza, nikaipanga dakani.